Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuajiriwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii serikalini

Ukurasa huu ni wa anayetaka kuajiriwa na Serikali, Tanzania Bara, kusimamia huduma za jamii: mikopo ya vikundi, ulinzi wa watoto, kaya maskini, wazee na watu wenye ulemavu. Wengi wanaokosa kazi hizi wana elimu ya kutosha. Wanaangushwa na kuomba kada isiyolingana na cheti chao, au na karatasi zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana mambo ya vyeti na nyaraka tumeyaeleza kwa urefu kuliko mengine.

Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ustawi wa Jamii si ni kazi moja?

Hapana. Ni kada mbili, kila moja na muundo wake wa utumishi, tangazo lake na maswali yake ya usaili.

Afisa Maendeleo ya Jamii anafanya kazi na kundi na eneo. Anahamasisha wananchi kuibua miradi kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, anaunda na kufuatilia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anachambua maombi yao ya mkopo, na ngazi ya halmashauri anafuatilia mashirika yasiyo ya kiserikali yanayofanya kazi pale.

Afisa Ustawi wa Jamii anafanya kazi na mtu na familia iliyokwama: mtoto aliyetelekezwa, wazazi wanaogombea matunzo, mzee asiye na mtu, mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia matibabu, mtoto aliyekinzana na sheria. Mahakama ikitaka kujua mtoto akae na nani, huyu ndiye anayekwenda nyumbani, anahoji majirani na walimu, kisha anaandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Utamkuta halmashauri, hospitalini, kwenye mahabusu za watoto, na kwenye Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya.

Chukua mjane mwenye watoto wanne, shemeji zake wanataka kumtoa kwenye nyumba na kugawana watoto. Kuhakikisha watoto hawatawanywi, kumpeleka mama kwenye msaada wa kisheria na kufuatilia hali yao ni kazi ya ustawi. Kumwingiza mama kwenye kikundi, kumfundisha kutunza hesabu na kumfikisha kwenye mkopo ni maendeleo ya jamii. Maafisa hao wawili mara nyingi wanakaa ofisi za jirani na wanapeana mafaili. Lakini msailiwa wa ustawi anayetumia dakika zake zote kueleza ujasiriamali ameshaliambia jopo kwamba kazi aliyoiomba haijui.

Shahada gani inakubalika?

Ile iliyotajwa kwenye tangazo, kwa jina. Sifa za kila nafasi zinatokana na muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada husika, na anayechambua maombi hana ruhusa ya kukuhurumia kwa sababu masomo yako “yanaendana”.

Kwa Maendeleo ya Jamii wigo ni mpana kidogo: Maendeleo ya Jamii yenyewe, Sosholojia, Jinsia na Maendeleo, na mara nyingi fani za mipango na usimamizi wa miradi ya jamii. Kwa Ustawi wa Jamii mlango ni mwembamba, na shahada ya Ustawi wa Jamii ndiyo salama zaidi. Sosholojia usidhani tu kwamba inapita kote. Soma tangazo la mwaka huo.

Weka cheti chako mezani, fungua tangazo pembeni, linganisha neno kwa neno. Kama cheti kinasema “Maendeleo ya Jamii na Usimamizi wa Miradi” na tangazo linasema “Maendeleo ya Jamii au fani nyingine inayofanana na hiyo inayotambuliwa na Serikali”, una nafasi. Kama orodha imefungwa bila maneno hayo ya mwisho na fani yako haimo, tumia muda wako kwa tangazo jingine.

Sina shahada. Nina astashahada au stashahada tu.

Kuna nafasi za wasaidizi katika kada zote mbili, na kwa kweli wasaidizi ndio wanaofika kwenye vitongoji. Afisa mwenye shahada huanza Daraja la II, ngazi ya mshahara TGS D. Wasaidizi huanza chini yake kulingana na kiwango cha cheti.

Jua cheti chako kiko ngazi gani katika mfumo wa NTA, yaani ngazi za tuzo za taifa za ufundi: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu, ya 8 ni shahada. Mwenye ngazi ya 4 peke yake akiomba nafasi inayotaka stashahada hatapita hata kama ana uzoefu wa miaka kumi.

Kujiunga na masomo ya astashahada au stashahada kunahitaji ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Ukitaka kutoka stashahada kwenda shahada, lenga GPA isiyopungua 3.0, na chukua mapema namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Wengi huikumbuka wiki ya mwisho ya udahili.

Nisome wapi?

Taasisi ya Ustawi wa Jamii, yenye makao Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo chuo mama cha kada ya ustawi. Ina kampasi pia Kisangara, Mwanga. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, mkoani Arusha, ndiyo yenye jina kwenye maendeleo ya jamii. Kwa ngazi za chini ya shahada viko vyuo vya maendeleo ya jamii kama Buhare, Rungemba, Monduli, Mlale, Uyole, Ruaha, Misungwi na Mabughai, ambavyo ada yake kwa kawaida ni nafuu na mafunzo kwa vitendo hufanyika vijijini. Vyuo vikuu kadhaa navyo vinafundisha Sosholojia na Ustawi wa Jamii. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha kozi yenyewe, kwa jina lake, imeidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au NACTVET. Usajili wa chuo hauthibitishi kila kozi inayofundishwa humo.

Nani anaajiri, na matangazo yanatoka wapi?

Halmashauri inaomba nafasi kulingana na ikama (idadi ya watumishi inayoruhusiwa) na bajeti yake. Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, inatoa kibali cha ajira. Kisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoko Dodoma, inatangaza, inasaili na kuwapangia waliofaulu vituo. Maombi yanapitia Ajira Portal, portal.ajira.go.tz. Bahasha unayoipeleka kwa mkurugenzi haiingizwi popote.

Matangazo makubwa hukusanya nafasi za halmashauri nyingi pamoja, kwa hiyo unaomba kada, na kituo unapangiwa baadaye. Aliyekwishaamua kwamba nje ya Dar es Salaam haendi ajiulize vizuri kabla ya kubonyeza.

Jambo moja linawapita watu wa ustawi: kwa miaka kadhaa nafasi za Afisa Ustawi wa Jamii zimetangazwa ndani ya matangazo ya kada za afya, pamoja na wauguzi na matabibu. Ukiona tangazo la “kada za afya” usilipite. Lisome mpaka mwisho.

Masharti ya umri na uraia ni yapi?

Uwe raia wa Tanzania, na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa waliomo tayari kwenye utumishi wa umma. Mtumishi aliye kazini apitishe barua kwa mwajiri wake. Mstaafu wa utumishi wa umma haombi bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba na wanatakiwa kuonyesha hali yao kwenye mfumo, ili usaili upangwe kwa mahitaji yao. Usiiache sehemu hiyo kwa aibu.

Nyaraka zipi zinatakiwa, na zipi zinakataliwa?

Zinazotakiwa ni cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita (kama ulipita huko), cheti cha chuo pamoja na matokeo ya masomo yote ya kozi, wasifu wenye anwani, simu na wadhamini watatu wa kuaminika, na barua ya maombi iliyosainiwa. Namba yako ya NIDA inatumika kufungulia akaunti.

Zinazokataliwa ziko wazi katika kila tangazo, na bado kila mara zinapakiwa: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, matokeo ya muda, na barua ya chuo inayosema “amemaliza, anasubiri cheti”. Kama chuo hakijatoa cheti, maombi yako hayana mguu.

Nakala zithibitishwe na wakili au hakimu. Yaani mhuri na saini kwenye nakala yenyewe, mhuri ukisomeka jina. Utaratibu salama ni kutoa nakala ya cheti halisi, kwenda na vyote viwili kwa wakili, akalinganisha, akagonga mhuri na kusaini, ndipo uskani ile nakala yenye mhuri iwe PDF. Wanaoangushwa ni wanaoskani cheti halisi bila mhuri, au wanaopiga picha kwa simu usiku, kivuli cha mkono kikafunika namba ya mtihani. Fungua kila faili baada ya kulipakia, likuze, usome jina na namba. Kama wewe husomi, na mchambuzi hasomi.

Barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na itaje jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo. Barua ya tangazo la mwaka jana yenye tarehe ya mwaka jana hukutoa nje kabla hata cheti chako hakijafunguliwa.

Uliyesoma nje ya nchi unahitaji uhakiki: shahada TCU, stashahada NACTVET, vyeti vya sekondari NECTA. Uhakiki unachukua muda, kwa hiyo uanze leo, tangazo lisikukute njiani.

Majina kwenye vyeti vyangu hayafanani. Nifanye nini?

Hili ndilo kaburi la maombi mengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma Salehe, cha kidato cha nne Mwanaidi J. Saleh, cha chuo Mwanaidi Juma. Kwako ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu watatu.

Ziko njia mbili. Kama kosa limefanywa na taasisi (herufi imeachwa, majina yamepinduliwa), rudi kwenye taasisi hiyo ikarekebishe. Kama uliishi na kusoma kwa majina tofauti, unahitaji hati ya kubadili jina (deed poll) iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida cha mahakamani kisichosajiliwa mara nyingi hakitoshi, na watu hugundua hilo mlangoni mwa usaili, nauli ikiwa imekwisha.

Panga vyote kwa mstari mmoja: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita, chuo, NIDA. Tofauti yoyote, hata ya herufi moja, itafutie karatasi ya kuieleza. Ukishaajiriwa tofauti hiyohiyo inaweza kuchelewesha mshahara, kwa sababu utumishi, benki na mfuko wa pensheni vinasoma jina moja.

Niliomba, nina sifa zote, lakini sikuitwa kwenye usaili. Kwa nini?

Ingia kwenye akaunti yako kwanza. Mfumo huonyesha hali ya ombi na mara nyingi sababu ya kukataliwa.

Sababu za kila siku ni kiwango cha elimu kilichochaguliwa vibaya kwenye orodha ya mfumo (una shahada, umechagua stashahada), kozi iliyowekwa kwenye “nyingine” ilhali imo kwenye orodha, cheti kilichopakiwa mahali pa matokeo, na barua isiyosainiwa. Tangazo likishafungwa hurekebishi kitu. Kwa hiyo jaza wasifu wako wote sasa, wakati hakuna tangazo. Siku mbili za mwisho mfumo huelemewa na waombaji, na hapo ndipo makosa yanapofanyika.

Usaili wa mchujo ukoje?

Ni mtihani wa kuandika, siku hizi mara nyingi kwenye kompyuta, kwa hiyo asiyezoea kutumia kipanya ajizoeze mapema. Alama ya kufaulu ni 50, lakini 50 haikuhakikishii kuitwa hatua ya pili: wanaitwa wa juu, kulingana na idadi ya nafasi. Mwenye 64 anaweza kubaki nje mwaka ambao waombaji ni wengi.

Watu wengi husoma maana za maneno: maendeleo ni nini, jamii ni nini. Mtihani unataka ujue kazi inavyofanyika na kwa sheria ipi. Soma sheria na sera zenyewe. Kwa Ustawi wa Jamii ni Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Kwa Maendeleo ya Jamii ni Sera ya Maendeleo ya Jamii ya 1996, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 na kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kada zote mbili zijue mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF: ruzuku hulipwa kila miezi miwili, na kaya yenye watoto wa shule inatakiwa watoto wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo.

Mfano wa swali la hesabu. Halmashauri imekusanya mapato ya ndani shilingi 1,200,000,000, na katika hizo vyanzo lindwa (mapato yenye matumizi maalum) ni 200,000,000. Kila kundi litengewe kiasi gani cha mkopo? Unatoa vyanzo lindwa, zinabaki 1,000,000,000. Asilimia 10 ni 100,000,000. Mgawanyo ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu: milioni 40, milioni 40, milioni 20. Anayekosea huchukua asilimia 10 ya fedha zote za halmashauri pamoja na ruzuku ya Hazina, au anagawa sawa kwa tatu. Ongeza kwamba mikopo hii haina riba, na umeonyesha unaijua.

Swali jingine zuri, maana halina jibu la mstari mmoja: mtoto wa kike wa miaka 16 anaweza kuolewa? Sheria ya Mtoto inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikashikilia uamuzi huo. Na kama ni mwanafunzi, Sheria ya Elimu iliyorekebishwa 2016 inampa anayemwoa kifungo cha miaka 30. Mwenye kupanga hivyo anaonyesha kwamba kesho anaweza kusimama mbele ya wazee wa kijiji na kueleza.

Na usaili wa ana kwa ana?

Fika na vyeti halisi vyote na kitambulisho. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Jiandae kwa Kiswahili na Kiingereza, na zijue istilahi za fani yako kwa lugha zote mbili.

Jopo hupenda kutoa tukio. Kwa mfano: “Mtendaji wa kijiji anakupigia saa kumi na mbili jioni. Mtoto wa miaka 9 amechomwa mikono na mama wa kambo. Unafanyaje?” Wanaofeli huanza na semina kwa wazazi. Anza na mtoto. Usalama na matibabu kwanza: afikishwe kituo cha afya, na matibabu yasisubiri karatasi. Polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, wapewe taarifa na fomu namba 3 ijazwe. Kama kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, mpeleke huko, kwa sababu daktari, polisi na ustawi wapo mahali pamoja na mtoto hatasimulia mara tatu. Usiku huu alale wapi? Si nyumba ileile. Tafuta ndugu aliye salama, au mlezi wa kuaminika aliyekwisha kutambuliwa, na makao ya watoto yawe chaguo la mwisho. Ongea na mtoto faraghani, kwa maneno yake, bila kumwahidi usichoweza kutimiza. Andika: tarehe, saa, nani alisema nini. Kisha tathmini ya familia, mpango wa huduma, ufuatiliaji. Taja kwamba Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, na kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure. Taja pia usichofanya: hukubali shauri la ukatili limalizwe kifamilia kwa mbuzi na fidia.

Kwa Maendeleo ya Jamii tukio la kawaida ni kikundi kilichoacha kurejesha. Usikimbilie kusema utawapeleka mahakamani. Kwanza kagua daftari la mahudhurio, taarifa ya benki na mradi wenyewe kwa macho. Mara nyingi unakuta fedha ziligawanwa siku ileile zilipoingia, kila mtu akaenda na zake, na mradi ulikuwa wa kwenye karatasi. Sababu huwa hukohuko mwanzo: kikundi kiliundwa wiki mbili kabla ya kuomba, kwa ajili ya mkopo tu. Ukiweza kueleza ungeligunduaje hilo kabla ya kuidhinisha, umejibu swali.

Kujitolea halmashauri kunaniongezea nafasi?

Hakukuvushi usaili, huwezi kuingizwa kazini kwa sababu ulijitolea miaka mitatu. Faida yake ni uelewa. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, au kupita nyumba kwa nyumba kuhakiki kaya za TASAF, anajibu maswali ya hapo juu bila kukariri. Omba barua inayoeleza kazi ulizofanya na tarehe zake. Kikomo kiwepo pia: miezi sita mpaka mwaka inatosha kujifunza.

Nimefaulu usaili lakini sijapangiwa kituo.

Waliofaulu lakini nafasi zikajaa huwekwa kwenye kanzidata kwa muda maalum, na kibali kipya kikitoka kwa kada ileile wanaweza kupangiwa bila usaili mwingine. Simu na barua pepe zako ziwe hai. Lakini usiache kuomba matangazo mapya kwa kutegemea kanzidata. Muda wake ukiisha unaanza upya.

Nikipangiwa, wiki za kwanza nifanye nini?

Ripoti ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Ukipitiliza bila taarifa, nafasi huenda kwa mwingine. Nenda na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, NIDA, akaunti ya benki yenye majina yaleyale, picha ndogo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama unao kwa ajili ya bima. Utajaza fomu ya afya, ahadi ya uadilifu na fomu ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), kisha utaingizwa kwenye mfumo wa mishahara na kupata cheki namba. Uliza kuhusu posho ya kujikimu ya ajira mpya, ni haki yako. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, kwa hiyo nenda na akiba ya mwezi mmoja au miwili.

Miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio, kisha unathibitishwa. Utendaji wako unapimwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, ambako kazi zinajazwa na wewe na kuidhinishwa na msimamizi. Anayefanya kazi kubwa kijijini bila kuijaza kwenye mfumo, kwa mfumo hajafanya.

Kwenye mshahara wanakata nini?

Tuchukue mshahara wa mfano wa shilingi 1,000,000. PSSSF asilimia 5 ni 50,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Bima ya afya asilimia 3 ni 30,000. Kodi inapigwa baada ya kutoa mchango wa pensheni, yaani kwenye 950,000: 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 115,500. Kama ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15, ni 150,000. Unabaki na 654,500. Usipange nyumba ya kupanga kwa kuangalia milioni.

Inachukua muda gani kufika kusimamia programu nzima?

Ngazi za kawaida ni Afisa Daraja la II, Daraja la I, Mwandamizi, kisha Mkuu. Kila hatua inataka muda wa utumishi usiopungua miaka kadhaa (mara nyingi mitatu au zaidi), tathmini nzuri, na nafasi kwenye ikama na bajeti. Ukuu wa idara ni uteuzi, unaohusisha upekuzi na ngazi ya juu ya cheo. Lakini kusimamia hakusubiri cheo: Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kukabidhiwa vikundi, kaya za TASAF na kamati za watoto katika mwaka wake wa kwanza. Wanaopanda ni wanaoandika taarifa za robo mwaka zenye takwimu sahihi na kufunga hesabu za vikundi kwa wakati. Shahada ya pili husaidia, ila omba ruhusa ya masomo kwa maandishi. Kuondoka bila ruhusa ni utoro.

Ukurasa huu unahusu Zanzibar?

Hapana, Zanzibar ina utumishi wake, tume zake za ajira na Sheria ya Mtoto yake ya 2011. Ina pia programu ambayo Bara haina: Pensheni Jamii, iliyoanza 2016, inayomlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 hata kama hakuwahi kuajiriwa. Anayetaka kazi za huduma za jamii Unguja au Pemba aanzie huko, na programu hiyo aijue kwa undani.

Mtu ameniambia nitume pesa anipitishe.

Usitume. Kuomba kazi serikalini ni bure, kuanzia kufungua akaunti mpaka barua ya kupangiwa kituo. Matapeli hutumia majina ya watumishi halisi, picha za nembo, hata barua bandia zenye kumbukumbu namba. Barua halisi ya kuitwa au kupangiwa utaikuta pia kwenye akaunti yako na kwenye matangazo ya Sekretarieti. Piga TAKUKURU namba 113, bure, ukiwa umehifadhi ujumbe na namba ya muamala. Kama tayari umetuma, piga hata hivyo, na piga mtandao wako wa simu saa hiyohiyo wajaribu kuzuia muamala.